Nozeli ya Tano

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, ukungu umeifunika Makote hata nyumba mpya za kijiji cha Ujamaa hazionekani, nami nimekaa kwenye usukani, jasho linanitoka katika baridi ile. Kiti cha nyuma amelala Mama Halima. Uchungu ulimshika tangu juzi, na mkunga alikwisha kusema, asipofika hospitali ya Mkomaindo, Masasi mjini, leo, tutazika wawili. Gari lilikuwa hilo moja tu, na haliwaki.

Lilikuwa gari la daktari, mtu wa Bukoba aliyeniajiri udereva. Alinituma kupeleka chanjo Makote, nikalala huko. Halikuwa na kabureta kama magari mengi ya wakati ule; lilipuliza petroli kwa nozeli, vijidomo vya kunyunyizia, moja kwa kila silinda. Silinda zilikuwa nne. Sasa, miezi michache nyuma, wakati wa joto, nilikuwa nasafisha injini nikaona nozeli ya tano, imekaa peke yake kwenye bomba la hewa. Nikajiambia, hii inakunywa petroli bure. Nikachomoa waya wake, nikaufunga pembeni, sikumwambia mtu. Gari likaendelea kuwaka kwa joto la Masasi, nami nikajiona fundi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wanakijiji walilisukuma mpaka wakachoka. Nikarudia stata, tena na tena.

"Acha! Utaimaliza betri!"

Alikuwa Mzee Amisi, mkimbizi aliyevuka mto Ruvuma kukimbia vita. Kwao Msumbiji alikuwa fundi wa magari. Kwetu alilima mihogo. Akafungua boneti, akauona ule waya. Watu walikuwa wametuzunguka, mume wa Mama Halima akiwamo. Mzee akainama ndani, akanivuta bega.

"Nani kaufunga?" alinong'ona.

Ningeweza kusema sijui. "Mimi, baba."

Hakunitukana. Alifuta ncha ya waya kwa shati lake huku akinifundisha kwa sauti ya chini. "Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone kwenye kuta za bomba. Hii ya tano inaongeza petroli sekunde chache tu, stata ikizunguka. Na hapa, penye maji ya rejeta, kuna swichi inayosikia joto. Maji yakipata moto, inaikatia umeme. Hata kwenye baridi haiachi imwage muda mrefu, plagi zisije zikalowa. Aliyeiweka hakuwa mjinga."

Akarudisha waya. "Washa. Usikanyage mafuta."

Stata ilizunguka kwa uchovu, ikakaribia kufa, na injini ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akawaambia watu, "Tatizo tumeliona," basi. Lakini kabla sijaondoka alinishika mkono dirishani: "Watu hawa sikuwaambia. Daktari utamwambia mwenyewe."

Mama Halima alipasuliwa Mkomaindo mchana ule, akapata mtoto wa kiume, ambaye leo ana wajukuu. Mimi nilimwambia daktari kila kitu. Akaninyima usukani wiki mbili, kisha akanirudishia funguo mkononi.

Nilipanda tena Makote kumshukuru Mzee Amisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa jembe. Tulilima hadi jua la utosi. Akasema hiyo ndiyo asante anayoitaka. Nchi yake ilipopata uhuru alirudi kwao, sikumwona tena. Mpaka leo namtaja katika dua zangu, kwa sababu alinirekebisha bila kunivua nguo mbele za watu.

Mwanangu, usiondoe jambo usilolijua kazi yake, liwe la mashine au la mila za watu, uliza kwanza. Ukikosea sema mapema, maana mficha uchi hazai. Na mwenzako akikosea, msitiri mbele za watu, ila usimwache akaikwepa kweli. Mungu akupe ulimi wa kukiri na watu wa kukuonya kwa upole, na kila safari yako ifike salama.