Baridi ya Jumapili

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Mpui, kuna kisanduku cheupe kilichosimama juu ya miguu minne, katikati ya uzio wa matete. Wageni wanaopita hudhani ni mzinga wa nyuki. Kuta zake ni mbao nyembamba zilizopishana, hewa iingie na jua lisiingie, na ndani yake kinaning'inia kipimajoto kimoja. Nje ya uzio, juu ya kigingi, kuna kopo la plastiki lenye alama ubavuni, la kupimia mvua. Hivyo ndivyo vyombo vyangu vya hali ya hewa.

Ninasema vyangu, ingawa niliachiwa tu. Bwana shamba alikuja kwenye mkutano wa kijiji akasema anatafuta mtu anayejua kusoma namba, mwenye simu, asiyesafirisafiri. Wenzangu waliofika sekondari walikuwa wamekwisha kwenda mjini, wengine wanaendesha bodaboda huko Mazwi. Mimi niliishia darasa la saba, nikabaki na bibi, mama yake baba, na mashamba yetu ya mahindi na ulezi. Siku hiyo nilikaa nyuma kabisa kama kawaida yangu, na nisingenyoosha mkono hata kama wangekuwa wanagawa ng'ombe. Bibi ndiye aliyeukamata mkono wangu akauinua. Watu wakacheka, na bwana shamba akasema, "Huyo hapo."

Kabla ya kisanduku, watu walikuwa wananisalimia na kupita. Baada ya kisanduku, walinisalimia na kusimama. Jirani yetu mfugaji, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, alikuwa akisimamisha kundi lake zima barabarani ili aniulize mvua ya jana ilikuwa ya kiasi gani. Mimi ni mtu ambaye maneno humkauka mdomoni mbele za watu. Lakini aliyeniuliza habari za mvua nilikuwa na jibu la kumpa, na jibu lilikuwa namba, haikuhitaji ufasaha. Nilianza kwenda senta bila kupita njia ya nyuma.

Mvua zilipoisha ikaja kipupwe, na kazi ikahamia kwenye kisanduku. Kila asubuhi jua linapochomoza nilisoma kipimajoto na kumtumia bwana shamba ujumbe. Yeye hukusanya namba kutoka nyumba kadhaa za nyanda hizi, hadi upande wa Namanyere, na baridi ikizidi kushuka huwaonya watu wenye bustani za nyanya na viazi mabondeni wafunike mazao yao kwa nyasi.

Bibi ndiye aliyeniamsha. Alikuwa na kawaida ya kuamka kabla ya majogoo kunyamaza, na mwanga ukianza kuonekana aligonga mlango wangu kwa kifuniko cha sufuria. Tangu nikiwa mdogo ananiita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao wa kiume. "Mume wangu, jua linakuacha," alisema, kisha akaingia jikoni kuteleka uji. Mimi nilitoka moja kwa moja hadi kwenye kisanduku, nikasoma, nikatuma, na niliporudi uji wa ulezi ulikuwa unachemka.

Basi siku moja bwana shamba alinipigia simu. Kwa kawaida hutuma ujumbe tu, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Aliniuliza habari za bibi, akauliza za ulezi, kisha akaniambia kwamba namba zangu zinamsumbua. Wenzangu wote walikuwa wanaandika nyuzi tano au sita, mimi naandika nane au tisa, na kijiji changu hakiko chini ya mlima wala kando ya ziwa.

"Dogo, Jumapili peke yake ndiyo namba zako zinafanana na za wenzako," alisema. "Siku hiyo unaamka uende misa. Siku nyingine unanitumia ukiwa ndani ya blanketi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu aliyekwisha kuyaona hayo kwa wengine. Akaongeza kuwa atakuja, na kama mambo ni hayo, atahamisha kisanduku na kopo akavipeleke nyumba nyingine. Nilitaka kumwambia kwamba vidole vyangu hufa ganzi kila asubuhi nikibonyeza simu. Nikasema, "Sawa." Simu ikakatika.

Siku ile nilimwona mfugaji akija na ng'ombe wake nikajificha nyuma ya ghala. Nilifikiri jinsi atakavyopita akikuta kigingi hakina kopo. Atanisalimia, halafu ataendelea na safari yake.

Nilikishuku kwanza kipimajoto. Bwana shamba alipokileta aliwahi kuniambia kwamba barafu inayoyeyuka haina ujanja, ni sifuri kila mahali duniani, na kipimajoto kizima kikitiwa humo lazima kisome sifuri. Tatizo ni barafu. Nilichukua chupa ya chai ya bibi nikaenda senta, kwa mama mmoja mwenye friji anayeuza soda, nikamwomba barafu ya maji matupu. Alinitazama kuanzia kofia ya sufi hadi makoti mawili niliyovaa.

"Watu wanaota moto, wewe unataka barafu," alisema. "Nani ana mimba huko kwenu?"

Waliokuwa wamekaa pale wakaanza kunisaidia kumtafuta. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na bibi. Nililipa nikaondoka bila kuaga.

Niliitwanga barafu ile kwenye kinu, nikaijaza kikombe, nikatia maji kidogo na kukitumbukiza kipimajoto. Nikachuchumaa kukiangalia. Mstari mwekundu ulishuka, ukasita, ukashuka tena, ukatulia kwenye sifuri. Nilikitikisa, nikasubiri, mstari ukabaki pale pale. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Halafu nikaona kwamba kama kipimajoto hakidanganyi, mwongo aliyebaki ni mimi.

Jioni bibi alirudi kutoka senta na chumvi yake, akavua khanga ya kichwani taratibu. "Nimesikia nina mimba, mume wangu," alisema. "Ungeniambia mapema nikaacha kubeba kuni." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu simu ile. Lakini sikumweleza barafu ilikuwa ya nini. Sikutaka ajue kwamba mkono aliounyanyua mkutanoni unatajwa kuwa mkono wa mwongo.

Nikakikagua kisanduku. Hakuna mti karibu, hakuna ukuta unaohifadhi joto la jana. Uzio niliusuka mwenyewe, na niliusuka vizuri, matete yamebanana hata mbuzi asipitishe pua. Chini ya kisanduku rangi nyeupe ilikuwa imefifia ikawa ya kahawia. Nilidhani ni vumbi la kiangazi, nikalifuta kwa kitambaa.

Jumapili ikafika. Siku hiyo bibi huenda misa ya kwanza na mimi huenda ya pili. Niliamka kwa jogoo, nikasoma. Nyuzi tano. Nilituma nikijua bwana shamba atasemaje moyoni, nikaingia jikoni kutafuta uji, huku nikipulizia vidole. Hakukuwa na uji. Sufuria ilikuwa kavu, jiko la mkaa limekaa kwenye kona yake, la baridi.

Nilisimama pale jikoni. Jumapili hakuna uji kwa sababu bibi yuko kanisani, jambo ambalo nimelijua maisha yangu yote. Kukosa uji ni kukosa moto. Na mkaa hauwashwi ndani, moshi wake unaua. Unawashwa nje mpaka uive, ndipo jiko liingizwe. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nalikuta jiko limekwisha kuingia, na sikuwahi kujiuliza bibi huliwashia wapi.

Jumatatu niliamka kabla ya kugongewa. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu na upepo unapiga kama kawaida ya kipupwe, ule unaochukua hata beseni uani. Niliona cheche kupitia matete ya uzio wangu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo wake kwa upepo, anapepea kwa kifuniko. Jiko lilikuwa chini ya kisanduku, katikati kabisa ya miguu minne.

"Leo umeota nini?" aliniuliza.

Nikamwuliza kama huwashia hapo siku zote.

"Niwashie wapi? Upepo wote umeuziba wewe. Huu uzio ni mzuri kuliko wa padri."

"Na kisanduku, bibi?"

"Kisanduku si cha mvua? Mvua haipo. Nikaona kimelala tu, acha kinikinge umande."

Nilikaa chini, kwenye udongo wenye baridi. Ni kweli, sikuwahi kumweleza. Watu wote waliniuliza habari za mvua, na kila jibu bibi alilisikia, kwa hiyo kwake kila kitu kilichoko uani kilikuwa cha mvua. Asubuhi zote hizo alikuwa ananiwashia moto, anasubiri uive, analiingiza jiko jikoni, anafagia majivu, kisha ndipo ananigongea nitoke nikapime hewa aliyokwisha kuipasha. Nilimweleza pale pale, maneno yakinitoka bila kukwama, na aliniacha nimalize. Kisha akataka kujua kama nimetukanwa. Nikasema hapana. Akatazama mkaa wake.

Siku hiyo hiyo nilimjengea kinga ya matofali upande wa pili wa nyumba, ya kumfika mabegani akiwa amekaa. Kesho yake kisanduku kilisoma kama Jumapili, na siku iliyofuata vilevile. Nilituma namba hizo kwa furaha. Bwana shamba akajibu kwa ujumbe: sasa unanakili za wenzako?

Hapo nguvu zikaniisha. Sikuwa nimemweleza habari za jiko, kwa sababu sikujua namna ya kuandika kwamba bibi yangu ndiye aliyeharibu. Jambo la namna hiyo hulisemi kwa mgeni, hata kama lina maelezo.

Alikuja bila taarifa, alfajiri, kwa pikipiki, nadhani ili anikute nimelala. Alinikuta nimesimama kwenye kisanduku. Akamwamkia bibi shikamoo, bibi akaitikia marahaba akiwa nyuma ya matofali yake. Bwana shamba akatoa kipimajoto chake mfukoni, akakitundika pembeni ya changu, tukasubiri, yeye akisugua mikono. Vyote viwili vilisoma sawasawa.

"Leo sawa," alisema. "Na zile za nyuma?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliyapanga maneno, yakanikimbia, nikayapanga tena. Ndipo niliposikia kigoda kikisogezwa. Bibi alikuja amelibeba jiko lake kwa matambara, mkaa umeiva vizuri, akaingia ndani ya uzio, akaliweka chini ya kisanduku mahali pake pa zamani.

"Baba, hebu subiri kidogo," alimwambia. "Halafu uangalie."

Bwana shamba alikitoa kipimajoto chake akakishika nje ya uzio, mimi nikabaki na changu. Mstari mwekundu ulianza kupanda. Ulipita sita, ukapita saba. Bwana shamba alikuja, akaangalia, akarudi kuangalia chake ambacho hakikuwa kimesogea.

"Mwizi wa baridi ni mimi," bibi alisema. "Huyu anaamka kila siku ya Mungu. Namwamsha mwenyewe. Jumapili ndiyo siku ambayo siibi, niko kanisani."

Bwana shamba alicheka hata akashika tete la uzio likavunjika. Alisema maelekezo aliyopewa yanataja miti, kuta, mapaa na barabara, lakini hakuna mahali palipoandikwa jiko la bibi. Nilicheka pia, machozi yakanitoka, nikasingizia moshi ingawa mkaa ulioiva hauna moshi.

Alikunywa uji vikombe viwili. Alinionyesha kupunguza matete ya uzio ili hewa ipite, na akaniambia nisifute namba zile za zamani, niandike tu kando yake kwamba kulikuwa na jiko chini. Namba mbovu yenye sababu yake, alisema, bado inamsaidia. Isiyo na sababu ndiyo inayomkosesha usingizi. Kabla ya kuwasha pikipiki aliniomba radhi kwa habari ya blanketi. Kisanduku hakukigusa.

Wiki chache baadaye ilikuja asubuhi ambayo nyasi zilikuwa zimepauka kama zimemwagiwa unga. Nilisoma kipimajoto mara mbili, maana sikuwahi kuuona mstari ukiwa chini namna ile. Nilituma, nikasimama palepale nikisubiri, miguu inaniuma. Jibu lilikuja na neno moja: zinafanana. Sijawahi kuifurahia baridi kama siku hiyo. Mfugaji alikuwa amekwisha simama barabarani na ng'ombe wake wanaotoa mvuke puani, na nilimwendea mwenyewe kabla hajaniita, nikamwambia ni ngapi.

Niliporudi jikoni bibi aliuliza, kama anavyouliza siku hizi kila asubuhi. Nikamtajia.

"Baridi yote hiyo," alisema, "na siku zote ulikuwa huioni."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanificha, bibi."

Akacheka kidogo, akanisogezea kikombe.