Inshallah ya Fundi wa Chokaa

Watu wa pwani yetu tuna inshallah mbili, na asiyezijua atapotea mchana kweupe. Ya kwanza hutamkwa upesi, mtu akikutazama usoni. Maana yake nitakuja, niwekee chakula. Ya pili huvutwa, macho yakiwa chini, na maana yake ni hapana. Hatupendi kumwambia mkubwa hapana mbele ya watu, basi tunamwachia Mungu atusemee.

Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana sina pa kujifichia.

Nilikuwa karani wa idara ya matengenezo katika chuo cha ualimu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lindi mjini. Idara ni jina kubwa. Tulikuwa na karakana moja ya mabati, mikokoteni miwili, shimo la chokaa, mafundi wanne na mimi, mwanamke peke yangu, mwenye meza na daftari la kazi. Fundi mkuu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, na ndiye aliyeniombea kazi ile. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto, baba hupewa shukrani tu. Kwa hiyo nilikuwa wake nyumbani na kazini, na alinigombeza kotekote.

Majengo ya chuo yalikuwa ya zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Wakoloni waliyaacha, sisi tukaingiza humo walimu wa taifa jipya. Chokaa ya mjomba ilichomwa Kiswere, ikaletwa kwa magunia, ikalowekwa shimoni miezi sita kabla ya kuguswa, na kila mwaka kabla ya Ramadhani kuta zote zilipakwa upya. Vidole vyake vilikuwa vimechanika, kucha zimeliwa na chokaa. Ole wake aliyetema mate karibu na shimo lile. Wanachuo walimcheka. Mimi pia nilimcheka kimoyomoyo, maana nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane na yeye alisoma Kurani tu.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha alikuja mkuu mpya wa chuo, mtu wa bara, mchapakazi. Sitamsema vibaya. Alilima bega kwa bega na wanachuo na kula ugali wao. Lakini chokaa hakuipenda, alisema ni mambo ya masultani. Sasa taifa lilikuwa na saruji yake, na wageni wa chama walikuwa wanakuja Sabasaba. Akaagiza ukumbi ukwanguliwe, upigwe lipu ya saruji ndani na nje.

Jioni ile mjomba alinieleza huku akisugua mwiko wake kwa mchanga. "Ukuta wa matumbawe unakunywa maji kutoka chini, mwanangu, halafu unayatoa kidogo kidogo, kama jasho. Ukiuziba kwa saruji, utakunywa tu. Masika ikija, ndani kutakuwa uji."

"Basi mwambie mkuu mwenyewe."

"Ataniuliza. Nitamjibu."

Kesho yake mkuu wa chuo aliuliza kweli, sote tukiwa tumesimama ukumbini. "Fundi, kazi hii itashika?"

Mjomba alitazama vidole vya miguu yake. "Inshallah, Mwalimu," alisema, akalivuta neno mpaka nikaona haya kwa ajili yake. Mafundi wale watatu walisikia hapana. Mimi nilisikia hapana. Mkuu alitabasamu, akanigeukia.

"Amekubali. Andika."

Ningeweza kusema, Mwalimu, kwetu hiyo si ndiyo. Maneno machache tu. Lakini ombi langu la kwenda kusomea ukarani Dar es Salaam lilikuwa mezani kwake, halijatiwa saini, na nilikuwa nimechoka kunuka chokaa. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Fundi mkuu amekagua na amekubali.

Lipu ilipendeza, lazima niseme. Wageni waliisifu, wakaipapasa. Wiki iliyofuata mkuu alitia saini ombi langu.

Mwaka uliofuata, kabla sijaondoka, mvua ya masika ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne ilianuka, wanachuo wakaenda kupalilia shamba, na ukuta wa mashariki wa ukumbi ukakaa chini. Sina neno jingine. Ulichoka, ukakaa, na paa likaufuata. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Nilipofika mbio, mjomba alikuwa ameokota tope jeupe lililokuwa katikati ya ukuta, analifinya, linapita katikati ya vidole vyake.

Kamati ilikuja kutoka wilayani, ikataka daftari. Nililipeleka mwenyewe. Mwenyekiti alisoma mstari wangu kwa sauti, akamwuliza mjomba, "Ulikubali au hukukubali?"

Mjomba alinitazama mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni humo alikuwa ameniingiza yeye. "Kama kitabu kimesema hivyo," alijibu, "mimi ni nani?"

Mimi sikuulizwa kitu, na nilishukuru kutoulizwa.

Aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Haukupita muda idara nayo ikafutwa: wanachuo wajitegemee, watengeneze majengo wenyewe kila Jumamosi. Shimo la chokaa likajazwa takataka. Mjomba alihamia kijiji cha ujamaa karibu na Rutamba, akalima na wenzake, lakini habari ya ukumbi ilimtangulia. Walimwita Inshallah, hata watoto. Kijiji kilipojenga zahanati waliita mwashi kutoka Lindi, naye akapewa kazi ya kubeba maji.

Mimi nilikwenda Dar es Salaam, nikasoma, nikapanda cheo. Nilimtumia mkewe kanga, nikamtumia yeye sukari na kanzu. Miaka minne nilijiambia nitakwenda kumwona. Nilipokwenda nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Vidole vilikuwa vimepona, kucha zimeota upya. Chokaa ilikuwa imemtoka kabisa. Nililia kwa kuiona mikono ile mizima.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Tulikula kwanza. Kisha nikamwambia yote: ombi, saini, na kwamba nilisikia alichosema nikaandika kingine.

"Nilijua," alisema. "Wewe mtoto wangu. Ungekosaje kusikia?"

Nikapiga magoti, nikamshika mikono. "Mjomba, utanisamehe?"

Aliutoa mkono wake mmoja taratibu, akaokota punje ya mahindi iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo. Halafu akainamisha macho.

"Inshallah," alisema, akalivuta neno mpaka mwisho wake.