Kikombe cha Baba

Nilipokuwa mtoto, katika nyumba yetu ya kupanga huko Kayole, nyanya mzaa baba, tuliyemwita Susu, alimwonya mwanawe kwamba kuna kitu kilikuwa kikimtazama kisogoni. Baba alikuwa akiamka na maumivu mahali hapohapo. Dawa za presha alikuwa ameziacha, kwa kuwa alijiona mzima.

"Mama, kikizidi kunitazama, kitoze kiingilio," alimjibu.

Jumapili moja asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, kikombe cha chai kilimponyoka. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, nami nikadhani anatutania. Kisha akajaribu kusema, na kilichotoka hakikuwa neno. Akaporomoka pamoja na kiti.

Susu akatia komeo mlangoni. Kwao, alisema, aliyekumbwa na upepo mbaya hatolewi nje kabla jua halijapita utosini, wala hadungwi sindano.

"Mkimpeleka sasa, mtarudi na maiti."

Akamfunika baba leso hadi kidevuni, akaanza kuomba. Mama alibaki amesimama kati ya mumewe na mlango. Ndipo jirani yetu Mama Halima, muuza vyombo, alipobisha.

"Mama Mwende, mko salama? Nimesikia kishindo."

Mama alimtazama Susu. "Ni kikombe tu. Kimevunjika."

"Basi vunjeni vyote, mje mninunulie vingine!"

Alicheka, akashuka ngazi. Nilitamani arudi, lakini sikuthubutu kumwita. Macho ya baba yalikuwa yameganda kwenye komeo. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akielewa kila kitu.

Adhuhuri ilipopita, alipelekwa hospitali. Daktari aliuliza hali hiyo ilianza lini. Mama alipomjibu, daktari alisema kwamba kiharusi hakingoji. Baba aliishi, ila mkono wake wa kulia ulibaki mapajani kama kitu alichopewa akitunze, na mizaha yake hatukuisikia tena.

Simchukii Susu. Alikuwa wa kwanza kuiona hatari. Alikosea jina lake tu, na jina hilo likatufungia mlango. Siku hizi mimi hupimwa presha kanisani baada ya ibada, na humeza vidonge vyangu hata ninapojiona mzima. Lakini kikombe kikianguka nyumbani kwangu, siangalii sakafu. Naangalia kwanza mdomo wa aliyekishika.