Mlango wa gereji umemeza sare za harusi

Leo mlango wa gereji yangu umemeza magauni sita.

Kila mwaka kabla ya mvua nakagua springi za huu mlango wa kujikunja juu.
Mwaka jana nilipuuza. Ukawa mzito, tunaunyanyua watu watatu.
Jirani yangu Mama Neema, fundi cherehani hapa Shanwe, akaufanya kamba yake ya nguo. Anatundika nguo za wateja kwenye mpini wa nje. Nimevumilia.

Leo nimekaza springi, nimepaka grisi.
Nikausukuma kutokea ndani, kwa nguvu zilezile za watu watatu.

Ukaruka juu na kujikunja na sare za harusi ya kesho.

"Baba Jeni, usiguse kitu," kasema Mama Neema. "Likichanika moja, utalivaa wewe kanisani."

Tumeushusha polepole. Hakuna lililochanika, ila yote sita yana mstari wa grisi kifuani.

Shangazi wa bibi harusi kaja kuchukua sare zake nane, hizo sita na mbili zilizokuwa bado ndani kwa Mama Neema. Kazigeuza, kazipanga.

"Mstari umependeza. Mbona haya mawili hayana?"

Sasa Mama Neema ananikonyeza niyapitishe na hayo mlangoni.

Nyie mngefanyaje? Jibuni haraka, shangazi kakaa kwenye benchi langu anasubiri.