Walipotuita Host

Harufu ninayoikumbuka ni ya mawese. Jioni ilipoingia Kakuma, akina mama wa Kikongo waliokaa katika kambi ya wakimbizi walikaanga vitunguu katika mafuta yale mekundu, wakatia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na upepo ukaivusha harufu hiyo juu ya laga ya Tarach, mto uliokauka, hadi kwetu ng'ambo, ambako jikoni hapakuwa na kitu ila majivu. Nilikuwa na miaka kama tisa, na mdogo wangu Nakiru alikuwa hajafika minne. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo mvua ya maana haikuonekana tena, basi majirani wakamtania mama kwamba aliizaa mvua yote akaimaliza. Mwanzoni mama alicheka nao, lakini mwaka ule hakucheka. Baba alikuwa amewaswaga mbuzi waliobaki kuelekea Lokiriama, mpakani na Uganda, na habari ya mwisho tuliyopata ni kwamba mbuzi wamekufa na yeye hajulikani alipo.

Ndipo nilipolisikia neno host kwa mara ya kwanza. Watu wa ofisi ya kambi walikuja na gari lenye kipaza sauti, wakatukusanya, wakatuambia kwamba wale wa kambini ni wageni na sisi ndio host. Mzee mmoja akauliza hiyo host ni nini. Mkalimani akafikiri, akasema ni mwenye boma anayepokea wageni. Watu wakatazamana. Kwetu mwenye boma ndiye anayechinja, mgeni akashiba, na sisi kila asubuhi tulisimama nje ya ua wa wageni, kuni kichwani, tukiomba unga. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilikuja kudhani kwamba aliyeitunga methali hiyo alipita Kakuma wakati wa ukame. Hata kanisani njaa ilitufuata. Jumapili moja nilimshika Nakiru mkono tukajipanga na watu wazima kupokea hostia, kwa sababu tuliona wanapewa kitu wanatia mdomoni. Katekista akatutoa kwenye mstari taratibu, bila kutugombeza, na Nakiru akalia hadi misa ikaisha.

Mama aliuza kuni kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Furaha. Alikuwa Mkongo mwenye sauti nene, mume wake mgonjwa wa kifua, na watoto wawili. Wa tatu, binti aitwaye Riziki, alikuwa amemzika miezi michache tu baada ya kufika, na jina lake halikuondolewa katika hesabu ya chakula. Njaa haina adabu, nasi hatukumuuliza. Yeye ndiye aliyemtazama Nakiru siku ile, nywele zimegeuka nyekundu, tumbo limejaa na miguu imekuwa vijiti, akasema, "Mama, huyu mutoto atakufa. Uniachie miye. Atakula na batoto bangu."

Mama ni binti wa wafugaji, na wafugaji wana jambo lao la kale kwa siku kama hizo. Ukame ukikaza, mtu hawaweki mbuzi wake wote mahali pamoja. Huwapeleka wengine kwa rafiki wa mbali, na rafiki huwakamua, huwachunga, huwahamisha wanapohama malisho. Hata mbuzi akikaa huko miaka mingi, hubaki wako, na siku akirudi hurudi na watoto wake. "Sawa," mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mtoto ni yangu. Wewe unanichungia tu. Mvua ikinyesha nakuja kuchukua." Mama Furaha akampa mkono. Nadhani aliyaelewa maneno yale, ila hakuelewa uzito wake.

Nakiru akapona. Nilipopeleka kuni nilimwona uani, mashavu yamerudi, anaitwa Riziki na anaitika. Mara ya kwanza alinirukia shingoni. Baadaye alinitazama kwanza, kisha ndipo akaja. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba Nakiru sasa anaongea kama Wakongo, naye akasema kinywa kitarudi tu, kwanza mwili. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kula, na nilimchukia Mama Furaha kwa kumlisha, na mpaka leo sijui kama nina haki.

Hatukujua kwamba katika hesabu zile kulikuwa pia na safari. Asubuhi moja Mama Furaha alivuka laga mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi mchangani mbele ya mama. Walikuwa wamepata nchi ya kwenda, nchi ya baridi, watu watano, Riziki akiwa mmoja wao. "Ukisema huyu ni wako, sisi bote tunabaki, na mume wangu atakufa hapa," alisema. "Ukinyamaza, ataenda kula, atasoma. Mama, miye siwezi kukulazimisha." Alikuwa analia. Mama alikuwa akichora mchangani kwa kidole. Ua wa boma letu ulikuwa umeanguka upande mmoja, na kwa kupitia pale palipoanguka ungeweza kuona kila kitu tulichokuwa nacho, yaani sufuria na ngozi moja ya kulalia. Akasema, "Malisho ikihama, mbuzi inahama. Lakini bado ni yangu." Mama Furaha akaapa kwamba atamwambia mtoto akikua. Walipoondoka tulisimama kando ya barabara. Nakiru alikuwa amevalishwa sweta zito katika jua lile, na alipotuona alipunga mkono kama alivyowapungia watu wengine wote.

Mvua ilinyesha kabla mwezi haujaandama. Tarach ikajaa maji ya kahawia yakibeba miti mizima, watu wakacheza, na mama akaenda kuketi ukingoni, akiangalia ng'ambo. Alikuwa amesema mvua ikinyesha atakwenda kuchukua.

Leo ninafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Lodwar, na neno lile host nimelifukua hadi mizizi. Lilitoka Kilatini, ambako neno moja tu lilitosha kwa mgeni na mwenyeji. Neno lililo ndugu yake lilikuwa la mtu wa mbali, kisha likageuka kuwa la adui. Kuna na la mnyama wa kafara, ndiko ilikotoka hostia. Wataalamu wa mifugo nao humwita host yule ng'ombe anayenyonywa na kupe. Wanafunzi walicheka walipofika kwa kupe. Msichana mmoja wa Lowarengak hakucheka, akauliza, "Mwalimu, sasa sisi ni host gani?" Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Nakiru nilimpata mtandaoni mwaka jana. Anaitwa Riziki, anaishi kwenye theluji, na pa kuzaliwa ameandika Kongo. Kovu la juu ya nyusi, alilolipata alipoangukia jiwe la kusagia, lipo palepale. Nilimwandikia yote. Akajibu kwa adabu, kwa Kiingereza kilicho bora kuliko changu, kwamba anasikitika kwa yaliyotupata ila nimekosea mtu, kwani mama yake alikuwa mmoja tu na ameshamzika. Nilisoma mara nyingi, nikitafuta mahali pa kushika. Mama Furaha hakumwambia, na sasa hayupo wa kumwambia.

Mama anaishi nami. Siku hizi tunakula na kusaza, na mawese yanauzwa sokoni, lakini mimi siyaingizi nyumbani. Macho yake yamefifia, masikio bado ni makali, na jioni jibu lile lilipoingia aliisikia simu ikilia.

"Ni yeye? Amejibu?"

"Amejibu, mama. Anakusalimia."

Akaweka mikono mapajani, kama mtu anayepanga boma lake upya kichwani.

"Muulize amezaa wangapi," akasema.