Ukurasa wa Mwamini Kwenye Daftari la Vipimo

Mwamini hakuwa mtu wa kuogopa sindano. Miaka kumi na tisa ameshona nguo pale Maili Moja, na vidole vyake vimechomwa mara zisizo na idadi. Kilichomtisha ni namba nne alizoziandika mwenyewe kwenye daftari la viuno na mabega ya wateja, kwenye ukurasa wenye jina lake.

248. 229. 211. 187.

Zilikuwa hesabu za chembe sahani, zile chembe ndogo zinazozuia damu isivuje ovyo. Kila baada ya wiki mbili alikwenda hospitali Dar, mashine ikamchuja chembe hizo na kumrudishia damu iliyobaki. Alikuwa akimtolea Blessing, binti wa miaka sita wa Stellamaris, jirani yake wa mtaa wa Sofu. Blessing ana saratani ya damu, na dawa zinazomtibu humaliza chembe zake mwenyewe. Mtoaji hupimwa kwanza. Hesabu yake ikiwa chini ya 150, anarudishwa nyumbani.

Sasa, fundi ni fundi. Mwonyeshe namba zinazopungua, yeye anaona kitambaa kinakatwa, na kitambaa kikishakatwa hakirefuki tena. Mama yake naye akapiga simu kutoka Kisarawe kukoleza moto: "Mwanangu, unajimaliza. Hebu tulia."

Akatulia wiki sita, watoaji wengine wakashika zamu. Kwa aibu akawa anapita njia ya nyuma ili asikutane na Stellamaris.

Siku moja Stellamaris akamfuata kibandani, macho mekundu. "Dada Mwamini, fizi za Blessing zinatoka damu tangu asubuhi. Mtoaji wa leo amekutwa na malaria. Sina pengine pa kwenda."

Mwamini aliacha gauni la watu kwenye cherehani, sindano imezama kitambaani. Njia nzima alikuwa na uhakika kwamba atarudishwa, na mtoto atakosa kwa sababu yake.

Muuguzi Silvanus alimpima, akarudi na karatasi. "251."

"Hiyo ya mtu mwingine, kaka."

"Ni yako, dada," Silvanus alicheka. "Ulikuwa unatoa mfululizo, ndiyo maana zilishuka kidogo kidogo. Umepumzika, zimejaa. Uboho wa mifupa yako unatengeneza mabilioni kila siku."

Mabilioni! Mwamini aliitazama mikono yake kama anayeiona mara ya kwanza. Alipokuwa akigombana na wateja wa sikukuu, alipokuwa amelala, hata alipokuwa akimkwepa mama wa mtoto, mwili ulikuwa kazini. Hakuna aliyeuagiza, hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza kazi itakwisha lini. Alistaajabu mpaka machozi yakamtoka, na Silvanus akalazimika kumkumbusha kunyoosha mkono.

Fizi za Blessing zilikauka. Mwezi uliofuata Stellamaris alimleta kupimwa gauni la Krismasi.

"Limkae vizuri siku hiyo tu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha."

Mwamini alipima, akaandika, akakata. Walipokuja kulijaribisha, Stellamaris aligeuza upande wa ndani akakuta pindo la vidole vinne.

"Mbona umekunja kitambaa chote hiki?"

"La kukulia," alisema Mwamini. "Mwakani tutalifumua."