Korongo wa Depo

Mimi ndege siwapendi, niseme mapema, mtu asije akanisifu bure. Wakishuka kwenye mpunga wangu nawarushia bonge la udongo. Wakikwaruza bati asubuhi nawatukana kama ninavyowatukana mbuzi wa jirani. Aliyewapenda ndege nyumbani kwetu ni baba, na hata yeye hakuwapenda wote. Alipenda wageni tu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Mjini kwetu Kindu siku zile, mtu wa reli alikuwa mtu: nyumba ya matofali kwenye kambi ya wafanyakazi, kofia, na heshima ya kuitwa kwa kazi yake. Alifanya kazi depo, pale treni zinapolazwa na kutengenezwa. Bosi wake wa kwanza, mzungu mzee, alimweleza siku moja kwamba wale mbayuwayu wanaojipanga juu ya nyaya za gare, kituo cha treni, mvua zikishakolea si wa hapa. Kwao ni Ulaya. Baridi ikifunga milango huko wanakimbia mpaka kwetu, baridi ikiisha wanarudi. Maneno hayo yalimwingia baba kichwani na hayakutoka tena.

Basi akawa anawatangaza kama treni. Anaingia nyumbani, anavua kofia, anasema, "Wamefika." Au anasema, "Mwaka huu wamechelewa, huko kwao baridi haijauma." Alivijua vile vindege vidogo vinavyotembea kwenye mchanga wa mto Lualaba vikitikisa mkia. Alimjua yule mwewe anayejitupa majini na kutoka na samaki, ambaye hamuoni kila mwaka. Akimwona huyo, siku hiyo hata chakula kikichelewa hagombi. Mama alikuwa akimcheka. "Mumpe kiti baba yenu," alikuwa anasema, "leo amelipwa mshahara wa ndege."

Kwa watu wa baba kuna desturi, sijui kama bado yuko anayeifuata. Kiumbe kisicho cha hapa kikitua kwenye kiwanja chako, hicho ni mgeni. Unakiwekea maji, unakiacha kipumzike, kiondoke chenyewe. Kukiua ni kama kumuua mtu aliyebisha hodi. Tulipokuwa watoto desturi hiyo haikutugharimu kitu, maana samaki walikuwa tele na kuku walikuwa wanazurura chini ya vitanda.

Halafu ikaja vita. Sitaisimulia yote, nimechoka nayo, na walioipita wanaijua. Nitasema tu kwamba mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nimerudi nyumbani kutoka ndoa iliyonishinda, na mji ulikuwa umefungwa kama chupa. Waliokwenda mashamba upande wa Kailo walikutana na watu wenye bunduki. Waliobaki mjini walikutana na wengine wenye bunduki. Mitumbwi ilikatazwa, kwa hiyo tulikaa kando ya mto mkubwa namna ile na hatuna samaki. Treni ilikuwa haiji tena. Baba alivaa kofia kila asubuhi akaenda depo kufagia kituo kisicho na treni. Mbayuwayu, wao, walikuja kwa saa yao, bila tiketi na bila ruhusa ya barabarani.

Tulikula sombe, majani ya muhogo. Asubuhi sombe, jioni sombe, bila chumvi, bila mafuta. Mimi sombe naipenda, lakini kuna namna ya kula sombe mpaka ulimi unakuuliza umekukosea nini.

Mdogo wangu wa mwisho hakuiweza njaa hiyo. Alikuwa ameanza kuongea vizuri, akanyamaza. Miguu ilivimba, uso ukavimba, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, ukizishika zinabaki mkononi. Tuliuita ugonjwa huo bwaki, na kila kambi ilikuwa na mtoto wake. Muuguzi mmoja, aliyekuwa amebaki na mikono yake tu kwa sababu dawa ziliisha, alimwangalia akamwambia mama ukweli. Huyu anataka nyama, samaki au yai. Asipopata upesi, hatutakuwa naye. Mama hakulia. Alimfunga mgongoni akazunguka kambi nzima kuomba yai, na hakuna aliyekuwa na kuku.

Ni katika siku hizo yule ndege alitua depo.

Sisi hatukuwa na jina lake. Baadaye nilisikia wanamwita korongo. Alikuwa mkubwa, mweupe, mabawa meusi mwishoni, miguu mirefu myekundu kama aliyepita kwenye matope ya barabara ya Punia. Kindu hatukuwa tumemwona ndege wa namna ile, hata wazee walisema hivyo. Alisimama katikati ya reli mbili, kwenye majani yaliyoota tangu treni iache kuja, akawa anaokota panzi. Alikuwa amechoka. Akijaribu kuruka anainuka kidogo, halafu anatua tena.

Watu walijaa. Wengine walishika panga, wengine mawe. Kilichowazuia kwanza ni woga, maana wapo waliosema ndege mweupe hivyo katikati ya vita hakuja peke yake, ametumwa. Kilichowazuia baadaye ni baba. Alileta beseni la maji akaliweka chini, akaleta kiti cha ofisini, akaketi kati yao na ndege akiwa na kofia yake kichwani.

"Huyu njo mugeni," aliwaambia. "Ametoka mbali, kule kwa baridi. Hata kupumuzika hayapumuzika. Muntu haui mugeni."

Wakamtukana. Mmoja akamwuliza kama ndege huyo ana tiketi ya daraja la kwanza, watu wakacheka, na mimi nikataka ardhi inimeze. Askari wawili walipita, wakatazama, na mmoja akasema risasi zake zina kazi nyingine. Jua lilipokuwa kali watu walitawanyika, njaa haimruhusu mtu kusimama sana. Baba alibaki pale pale. Kesho yake akarudi kwenye kiti chake, na ndege alikuwepo.

Nikuambie nilivyojisikia? Nilimchukia baba. Nilikuwa na mdogo wangu mapajani, mzito kwa maji na mwepesi kwa kila kitu kingine, na baba yetu yuko depo anamchungia ndege panzi. Nilimwambia mama, "Mama, nyama iko pale." Mama alisema, "Naiona." Alikuwa ameolewa na yule mtu miaka mingi, alijua mahali pa kumsukuma na mahali pa kumwacha.

Siku iliyofuata alimfunga mtoto mgongoni, akachukua panga la kukatia kuni, akaniambia nimfuate. Tulimkuta baba kwenye kiti. Mama alisimama mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Baba watoto, wazee walisema nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo njo ya tatu."

Baba alimwangalia. "Ndege hana mukono wa kushika jembe."

"Basi atalima kwa njia yake," mama alisema, akageuka ili mtoto aliyekuwa mgongoni amwelekee baba. Yule mtoto alikuwa na macho wazi, lakini hakuwa anatazama kitu.

Baba aliutazama uso ule. Mama alimpita akaenda kwa ndege na panga lake, na ndege alirudi nyuma hatua chache tu, mbawa zimeshuka. Hapo baba aliinuka. Nilidhani anakwenda kumzuia, na nilikuwa tayari kumshika baba yangu mzazi kwa nguvu, Mungu anisamehe.

"Ukimukata hivyo tutakula kibudu," alisema. "Lete kisu."

Nyumbani kwetu nyama isiyochinjwa na mkono wa mwanamume, kwa jina la Mungu, ni mzoga, haiingii kinywani hata kwa njaa. Nilikimbia nikaleta kisu. Baba alivua kofia. Alinawa mikono. Aliinua lile beseni akamwekea ndege maji mdomoni, kama inavyotakiwa kwa kila anayechinjwa, na ndege alikunywa. Halafu akamlaza, akamwelekeza kibla. Mimi nilishika miguu. Aliposema bismillahi mara ya kwanza sauti haikutoka, akarudia.

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipozikwa mama yake hakulia mbele ya watu. Alilia mbele ya kambi nzima, kisu mkononi, na hakuna aliyemcheka.

Ndege mkubwa namna ile, ukimnyonyoa huna kitu. Manyoya yalijaa gunia, nyama ilijaa bakuli. Mama alichemsha muda mrefu. Ini alimpa mtoto kwanza, akamtafunia yeye mwenyewe, kisha mchuzi, kijiko kwa kijiko. Aliutapika wa kwanza. Wa pili ukakaa. Mimi nilipewa shingo na niliila yote, na mifupa niliivunja nikanyonya. Baba alikaa nje. Mama alipompelekea kipande alisema ameshiba, na alikuwa hajala kitu tangu jana yake.

Sisemi ndege ndiye aliyemponya. Ndege mmoja hamalizi bwaki. Ninachojua ni kwamba mchuzi ulipoisha mtoto aliomba mwingine, na alikuwa hajaomba kitu kwa muda mrefu. Baadaye kidogo waliruhusu mitumbwi michache, tukapata samaki wadogo, wale wa kukaanga na vichwa vyao. Uvimbe ulishuka. Nywele ziliota upya, nyeusi. Mdogo wangu akaishi.

Lakini baba hakuwa baba tena. Mbayuwayu walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata huo, na yeye akapita chini ya nyaya kichwa kikiwa chini kama mtu anayetafuta sindano. Mama alijaribu. "Wamefika," alimwambia siku moja wakati wa kula. Baba akauliza, "Nani?" na akaendelea kula. Tukaelewa, au tulidhani tumeelewa: amevunja mwiko wa watu wake, amemuua mgeni, na hatutasamehewa. Mama alitukataza tusimwambie mdogo wangu habari ile hata kidogo, asije akajiona amekula laana. Tulinyamaza. Mama alikufa akiwa amenyamaza. Baba alimfuata, na treni ilipoanza tena kuja mara moja moja, ilimkuta hayupo.

Sasa mimi ni mzee. Magoti yananiuma mvua ikikaribia, na mvua ya hapa hukaribia kila siku. Mdogo wangu anaishi Alunguli, mama wa watoto wanne, mnene, mbishi, anauza samaki na mboga, na bei yake hakuna anayeishusha. Nikichoka na nyumba yangu navuka mto nakwenda kukaa kwake.

Majuzi nilikuwa hapo, akaja msichana mmoja na mfuko mgongoni na darubini shingoni. Alisalimia vizuri, akakaa kwenye mkeka bila kuchagua mahali. Alisema yeye na wenzake wanazunguka mkoa wetu wa Maniema, wamefika Kailo, wamefika Punia, wanawauliza watu wazima kuhusu ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya, hasa wale wasioonekana mara kwa mara. Akanionyesha picha kwenye simu. Nikawatambua mbayuwayu, nikamtambua yule mwewe wa samaki. Halafu akaniletea korongo.

"Huyu, mama, huku kwetu ni nadra sana. Uliwahi kumwona?"

Nilisema ndiyo, wakati wa vita, depo ya reli. Msichana alifurahi mpaka akasogea karibu. Alikuwa peke yake? Alikaa siku ngapi? Alipoondoka alielekea upande gani?

"Aliruka kuelekea kusini," nilisema. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale anachambua sombe, na mama yangu aliyezikwa bado ananikataza.

"Hakuruka, yaya," mdogo wangu akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, bila kuinua kichwa. "Nilimukula mimi."

Msichana akanitazama. Mimi nikamtazama mdogo wangu. Nilimwuliza nani amemwambia.

"Baba. Nilikuwa nimeanza shule. Alinipeleka depo, akanionyesha mahali."

"Akakuambia amevunja mwiko?"

"Mwiko gani?" Aliweka majani chini. "Aliniambia, mwanangu, yule mugeni alitumwa kwako. Mimi nikakaa katikati siku mbili na wewe unakufa. Siku mbili, alisema, nilikuwa na chakula chako mbele ya macho yangu na ninakichunga. Alisema kila akiona ndege juu ya nyaya anaziona zile siku. Akaniomba nimusamehe."

Miaka yote ile nilidhani anamlilia ndege.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilikuwa mutoto, yaya. Nilimwambia nasikia njaa, turudi nyumbani."